Mbiu Moja, Nahodha Mmoja: Jinsi ya Kuunda Swichi Safi Katika Kompyuta

Mhariri ameniomba nieleze kazi iliyofanywa na Chama chetu cha Kompyuta katika mchezo wa Siku ya Wazazi. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wameniuliza picha na sauti zile zilikuwa zikibadilikaje. Pili, mwaka uliotangulia mimi ndiye niliyetia aibu mbele ya watu wote, na mtu aliyekosa yafaa aeleze alivyojirekebisha, ili wengine wasiangukie shimo lile lile.

AIBU YA MWAKA ULIOTANGULIA

Mchezo wetu unahusu wapagazi wa Bagamoyo katika karne ya 19. Kila mtoto wa hapa ajua kwamba misafara ilitoka bara, hata kutoka Unyamwezi na Ujiji, ikabeba pembe za ndovu mpaka mji huu, na kwamba mahali pa kupumzikia ni pale tunapopaita Caravan Serai. Mchezo una maonyesho matano: pwani, safari, kuvuka Mto Ruvu (ambao wageni wa zamani waliuandika kwa jina la Kingani), kufika serai kwa ngoma na vigelegele, na mwisho usiku, ambapo mpagazi mzee akaa peke yake na kandili yake akimlilia mwenziwe aliyefia njiani.

Hatukuwa na fedha za kununua mapazia ya kuchora. Basi tukaazimwa projekta, tukaifunga katika kompyuta ya chama, na picha za kila onyesho zikawa zinamulikwa ukutani. Sauti zilitoka katika spika mbili. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na kubonyeza kitufe kila onyesho lilipobadilika.

Mambo yaliharibika mapema. Wapagazi walipoanza safari ya bara, nyuma yao likatokea jahazi limetweka tanga. Walipofika Mto Ruvu, ukutani kukatokea mbuga kavu, na waigizaji wakawa wanaogelea katika vumbi. Lakini hayo yalikuwa madogo. Katika onyesho la mwisho, mzee alipoinama kumlilia mwenziwe, ngoma ya furaha ya serai iliendelea kulia, haikukoma. Nikabonyeza kitufe cha kandili kwa hofu, nikakishikilia, na kandili ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, kama kimulimuli. Watu wakacheka. Bibi yangu, ambaye babu yake mwenyewe alikuwa mpagazi, hakucheka. Aliondoka kabla ya mwisho.

Baadaye tuliambiwa kwamba tukirudia makosa hayo, kompyuta haitaingia tena katika mchezo wa shule. Hatukuwa na neno la kujibu.

PROGRAMU TULIYOITUMIA

Programu yenyewe inaitwa Scratch. Iliundwa katika MIT Media Lab huko Massachusetts, Marekani, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2007. Toleo la tatu lilitoka Januari 2019. Haiuzwi, na ukiisha kuiweka katika kompyuta hufanya kazi bila intaneti, jambo ambalo ni la faida kubwa kwa shule kama yetu. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake.

Mtu haandiki mistari ya maagizo kwa herufi. Huchukua vipande vya rangi mbalimbali na kuvipachika kimoja chini ya kingine, kama fundi anayepanga matofali. Mimi nitaviita matofali. Tofali la juu kabisa huwa na mgongo wa mviringo, nalo husema ni wakati gani kazi ianze: bendera ya kijani ibonyezwapo, au kitufe fulani kiguswapo, au ujumbe fulani upokelewapo. Matofali ya chini husema kazi yenyewe. Kila picha inayotenda kazi huitwa mhusika, na kila mhusika aweza kuwa na safu zake za matofali.

Tofali lile la juu ndilo linalofanana na mbiu. Wazee wetu walisema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kabla ya mbiu kulia kila mtu yuko katika shughuli yake. Ikilia, watu hugeuka. Swichi nayo ni hivyo. Ina hali iliyomo sasa, na husubiri mbiu. Mbiu ikilia, hali hubadilika, kisha swichi hutulia tena mpaka mbiu nyingine. Kosa kubwa la mwanafunzi ni kuchanganya mambo haya mawili, yaani mbiu na hali. Mbiu ni tukio la mara moja; hali hudumu.

MAKOSA YETU MATATU

Tulipokaa na mwalimu wetu wa Fizikia kuichunguza programu ile, tuliona makosa matatu.

Kosa la kwanza lilikuwa wingi wa visanduku. Katika Scratch twaweza kutengeneza kisanduku chenye jina na kuweka ndani yake namba au neno la kukumbukwa. Sisi tulitengeneza visanduku vitano, kimoja kwa kila onyesho. Kisanduku kikiwa na 1, sauti ya onyesho hilo hulia; kikiwa na 0, hunyamaza. Basi kila kitufe kilipaswa kuweka 1 katika kisanduku chake na 0 katika vinne vingine. Kwa vitufe vitano, kule kuzima peke yake ni maagizo 20. Ukiongeza onyesho la sita, yawa 30. Mimi nilisahau agizo moja tu kati ya yale 20, lile la kuzima ngoma ya serai usiku unapoingia, na hilo moja ndilo lililotuaibisha.

Mwalimu alituonyesha hesabu nyingine. Visanduku vitano, kila kimoja chaweza kuwa 0 au 1, hufanya hali 32. Lakini hali zinazofaa ni sita tu: kimya, na maonyesho matano, moja moja. Kwa hiyo tulikuwa tumejenga nyumba yenye milango 32, na milango 26 kati ya hiyo ilielekea shimoni.

Kosa la pili lilikuwa kuita picha kwa namba. Tulisema, onyesha picha ya 2, onyesha picha ya 3. Usiku wa kuamkia siku yenyewe mwenzetu mmoja aliongeza picha nzuri ya jahazi baada ya picha ya kwanza. Hakuwa na nia mbaya. Lakini picha zote zilizofuata zilisogea namba moja. Ya 2 ikawa jahazi, na ya 3 ikawa mbuga.

Kosa la tatu lilikuwa la kandili. Agizo lake lilikuwa hili: kitufe kiguswapo, weka katika kisanduku cha kandili moja toa kilichomo. Ni hesabu nzuri, kwa kuwa 1 toa 0 ni 1, na 1 toa 1 ni 0. Basi kila mguso hugeuza hali. Lakini ukishikilia kitufe, kompyuta hurudia kukituma tena na tena, kama vile herufi inavyojirudia ukiishikilia unapoandika barua. Kwangu mimi ulikuwa mguso mmoja, bali kwa kompyuta zilikuwa mbiu nyingi.

NASAHA YA MJOMBA

Wakati wa likizo nilikwenda Mlingotini kwa mjomba wangu, ambaye ni nahodha. Nilipokwisha kumwamkia aliniuliza habari za shule, nami nikamsimulia aibu ile. Hajui kompyuta, lakini alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, katika chombo chenu hicho, ni nani anayeshika usukani?"

Nikamjibu, "Mjomba, kila kitufe chashika kidogo."

Akacheka, akasema, "Basi wataka nini tena? Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Baharia akiona mwamba hupiga kelele. Hashiki usukani. Anayegeuza chombo ni mmoja."

Maneno hayo ndiyo yaliyotujengea programu mpya.

JINSI TULIVYOIJENGA UPYA

Nitaeleza hatua kwa hatua, ili mwanafunzi yeyote aweze kuifuata.

Hatua ya kwanza: kisanduku kimoja. Tulifuta visanduku vile vitano, tukabakiza kimoja kiitwacho "onyesho". Ndani yake hukaa neno moja: kimya, pwani, safari, mto, serai au usiku. Kwa kuwa kisanduku kimoja hakiwezi kuwa na maneno mawili kwa wakati mmoja, ngoma ya serai haiwezi tena kulia pamoja na huzuni ya usiku. Zile hali 26 mbaya hatukuzikataza. Tumeziondolea mahali pa kukaa.

Hatua ya pili: majina. Picha tulizipa majina yale yale sita, na sauti vile vile. Picha ya kimya ni nyeusi tupu, na sauti ya kimya ni sekunde moja ya kurekodi bila neno. Sasa mtu aweza kuongeza picha popote, au kuzipanga upya, bila kuharibu kitu.

Hatua ya tatu: nahodha. Tulitengeneza mhusika mmoja asiyeonekana, tukamwita Nahodha. Scratch huruhusu mtu kutengeneza tofali lake mwenyewe na kulipa jina. Nahodha tulimpa tofali liitwalo "omba", lenye nafasi ya neno moja. Kazi yake ni fupi: ikiwa neno lililoombwa ni lile lile lililomo katika kisanduku, usifanye kitu, ikiwa ni jingine, liweke kisandukuni, kisha tangaza ujumbe "badilisha". Hapa ndipo mahali pa pekee katika programu nzima panapochagua onyesho. Kosa likitokea, twajua pa kutafuta.

Hatua ya nne: mabaharia. Kila kitufe kina safu yake ndogo chini ya Nahodha. Kitufe 3 kiguswapo: omba "mto", kisha subiri mpaka kitufe 3 kiachiliwe. Agizo hilo la mwisho ndilo dawa ya kushikilia kitufe. Katika Scratch, safu iliyoanzishwa na kitufe haianzi upya wakati ingali inafanya kazi. Basi maadamu inasubiri kidole kiondoke, mbiu zote za kurudiarudia hupita bure. Kandili nayo tuliipa dawa hiyo hiyo: geuza hali mara moja, kisha subiri kidole kiondoke.

Hatua ya tano: wapokeaji. Jukwaa likipokea "badilisha" huonyesha picha yenye jina lililomo katika kisanduku. Mhusika wa sauti akipokea ujumbe huo hunyamazisha sauti zote, kisha hucheza sauti yenye jina hilo, tena na tena bila kukoma. Msomaji atauliza, ikiwa haikomi, ngoma itanyamazaje? Hapa pana siri nzuri. Safu iliyoanzishwa na ujumbe ina tabia tofauti na ile ya kitufe: ujumbe ukija tena, safu huacha ilichokuwa ikifanya na kuanza upya kutoka juu. Kwa hiyo "badilisha" ya pili humkatiza mpiga ngoma, humnyamazisha, na kumpa kazi mpya.

Kutokana na hilo, jihadharini na jambo moja. Kuna tofali la kutangaza, na kuna jingine la kutangaza na kusubiri hadi wapokeaji wamalize. La pili lisitumike hapa. Mpiga ngoma wetu hamalizi kamwe, na Nahodha angemngoja milele, na baharia naye angekwama nyuma yake.

Hatua ya sita: mwanzo. Scratch hukumbuka kilichokuwa kisandukuni hata baada ya kazi kusimama. Basi bendera ya kijani ikibonyezwa, kwanza twafuta kisanduku kiwe kitupu, halafu twaomba "kimya". Kwa nini tukifute? Kwa sababu Nahodha hukataa kubadilisha hali iliyokwisha kuwapo. Kama kisanduku kingekuwa tayari na neno "kimya" tangu jana, naye angesema hakuna la kufanya, na picha yoyote iliyoachwa ukutani ingebaki pale. Kosa hili lilitupotezea alasiri nzima.

Zamani tulikuwa na safu 23 zilizosambaa kwa wahusika saba. Sasa zimebaki 11, na za kila mhusika zinaingia katika kioo kimoja bila kusogeza. Kwa Nahodha tumezipanga safu kushoto kwenda kulia: mabaharia, kisha tofali la "omba"; wapokeaji wako kwa jukwaa na kwa mhusika wa sauti. Mgeni akitazama huona mbiu inaingia wapi na inatokea wapi.

KUJARIBU KABLA YA KUAMINI

Tulichora jedwali katika karatasi. Upande mmoja hali sita, upande wa pili vitufe sita, kwa kuwa 0 ni cha kimya. Sita mara sita ni 36. Tulijaribu zote 36 wakati wa mapumziko, mmoja akibonyeza na mwingine akitia alama. Tulipata kosa moja: sauti ya safari ilikuwa imeandikwa "Safiri", nayo haikulia. Kisha kila mmoja alishikilia vitufe kwa hesabu ya kumi. Kandili haikutikisika.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya mchezo wa shule tu. Katika miaka ya 1980 Miller Puckette, akiwa katika taasisi ya muziki ya IRCAM mjini Paris, Ufaransa, alianza programu ya Max, ambayo watu wa muziki huunganisha vijumba kwa nyuzi badala ya kupachika matofali. Baadaye, katika miaka ya 1990, alitoa nyingine isiyouzwa, iitwayo Pure Data. Humo kuna kijumba kiitwacho trigger, ambacho kazi yake ni kupokea mbiu moja na kuigawa kwa utaratibu unaojulikana, kutoka kulia kwenda kushoto, ili isijulikane kwa kubahatisha nani aanze na nani afuate. Mafundi wa taa na sauti za jukwaani hutumia fikra hizo hizo. Hapa Bagamoyo tuna bahati ya kuwa na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na kwa hiyo mwanafunzi apendaye kazi ya jukwaa hana haja ya kuitafuta mbali.

SIKU YENYEWE

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sikulitazamia. Siku mbili kabla ya mchezo niliugua malaria, nikalazwa. Kazi ya kitufe ilimwangukia binti wa Kidato cha Pili, aliyejiunga na chama muhula huo huo. Sikuweza kumfundisha. Alichopata ni karatasi yenye mistari sita, kila mstari kitufe na jina la onyesho, na programu yenyewe aliyoweza kuisoma kwa macho.

Nilisimuliwa yaliyotokea. Katika onyesho la tatu, wapagazi wakiwa katikati ya mto, umeme ulikatika. Betri ya kompyuta yetu ni kuukuu, nayo ikazimika papo hapo. Waigizaji wakasimama gizani, maji hayapo, sauti haipo. Umeme uliporudi baada ya dakika chache, binti yule aliwasha kompyuta, akafungua programu, akabonyeza bendera ya kijani. Ukuta ukawa mweusi na kimya. Akagusa 3. Mto Ruvu ukarudi, na sauti ya maji ikarudi, na wapagazi wakaendelea kuvuka kutoka pale pale walipoachia.

Kwa programu ya zamani isingewezekana. Visanduku vyake vilikuwa havisafishwi mwanzoni, na mtu asiyekuwa mimi asingejua kipi kiwekwe 0 na kipi kiwekwe 1. Nilidhani zamani kwamba kuwa mtu pekee anayeielewa programu ni sifa. Kumbe ilikuwa kasoro.

Onyesho la mwisho lilipofika, ngoma ilinyamaza. Kandili iliwaka mara moja, ikabaki inawaka. Bibi yangu alikuwapo. Alikuja kuniona wodini kesho yake, akaketi kando ya kitanda, akasema, "Safari hii mzee wa watu ameachwa alie."

NENO LA MWISHO

Wanafunzi wenzangu, mkitaka kujenga swichi ya namna yoyote, ya picha, ya sauti, ya maswali ya Jiografia au ya taa, kumbukeni haya. Hali ikae katika kisanduku kimoja. Anayeibadilisha awe mmoja. Vitu viitwe kwa majina wala si kwa namba za foleni. Mguso mmoja uwe mbiu moja. Mwanzo usafishwe. Na kabla ya kusema kazi imekwisha, mpe mwenzio aiendeshe nawe ukiwa haupo.

Chama chetu hukutana kila Alhamisi baada ya vipindi, katika chumba kilicho karibu na maabara. Kompyuta ni tatu tu, lakini karatasi za kuchorea majedwali zipo nyingi. Karibuni.

Katibu, Chama cha Kompyuta
Kidato cha Nne